Usingoje aseme ndipo asome: mwongozo wa kumsaidia mtoto mwenye sindromu ya Down

Wazazi wanaonijia wana swali moja, lugha tu ndiyo hubadilika. Huku Tabaka huniuliza kwa Ekegusii au Kiswahili, na nikirudi nyumbani Mombasa wakati wa likizo huniuliza kwa Kimvita: mwanangu hajasema bado, nimpeleke shule akianza kusema? Jibu langu ni lile lile. Mpeleke sasa. Kwa mtoto mwenye sindromu ya Down, kusoma si zawadi ya kupewa baada ya kusema. Mara nyingi kusoma ndiko kunakomsaidia kusema.

Mimi ni mzaliwa wa Majengo, Mombasa, na kwa miaka kadhaa sasa nafundisha darasa la watoto wenye mahitaji maalumu katika viunga vya Tabaka, kusini-magharibi mwa mji wa Kisii. Wasomaji wengi wa pwani mwaijua Tabaka bila kuijua. Vile vinyago vya mawe laini, ndovu na vifaru, bakuli na sahani za kupambwa, vinavyouzwa madukani Mombasa na kwa watalii ufuoni, vingi huchongwa huku. Ninayoyaandika hapa nayaona kila siku kati ya watoto wa wachongaji hao, lakini mtoto wa Likoni, Malindi au Lamu mwenye hali hii ana mahitaji yale yale.

Hali yenyewe ni ipi?

Kwa kawaida kila seli ya mwili wa binadamu ina kromosomu 46, zilizopangwa jozi 23. Mtu mwenye sindromu ya Down huwa na nakala ya ziada ya kromosomu ya 21: tatu badala ya mbili. Daktari Mwingereza John Langdon Down aliieleza hali hii mwaka 1866, lakini sababu yake ilijulikana mwaka 1959, pale Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin wa Ufaransa walipochapisha habari za ile kromosomu ya ziada. Ndiyo maana siku yake duniani ni tarehe 21 Machi, yaani tarehe 21 ya mwezi wa 3. Umoja wa Mataifa umeiadhimisha tangu 2012.

Duniani inakadiriwa kwamba takriban mtoto 1 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa huwa na hali hii. Uwezekano huongezeka kadiri umri wa mama unavyosonga, lakini watoto wengi wenye hali hii huzaliwa na mama vijana, kwa kuwa wao ndio wanaozaa zaidi. Nalisema hili wazi kwa sababu ya maneno yanayosemwa uani. Hakuna chakula alichokula mama, hakuna mtu aliyemcheka, hakuna mwiko aliouvunja, wala hakuna jirani aliyemfanyia kitu. Ni jambo linalotokea mwanzoni kabisa mwa mimba, mara nyingi wakati yai au mbegu inapojigawa. Baba asimtupie mama lawama, na mawifi wanyamaze.

Kwa nini maneno huchelewa

Mtoto wa kawaida hutamka neno lake la kwanza akiwa na karibu mwaka mmoja. Mwenye sindromu ya Down anaweza kulitamka akiwa na miaka miwili, mitatu au minne. Sababu ni nyingi na huingiliana.

Ya kwanza ni misuli. Misuli ya midomo, mashavu na ulimi huwa milegevu, na kinywa huwa kidogo kuliko ulimi unavyohitaji. Ulimi huonekana kama umetokeza nje, watu wakadhani ni mrefu mno.

Ya pili ni masikio. Njia za sikio huwa nyembamba, na maji mazito hujikusanya nyuma ya ngoma ya sikio. Mtoto husikia kama aliyezama baharini huku mtu akimwita kutoka ufuoni: sauti ipo, lakini herufi hazipo.

Ya tatu ndiyo muhimu zaidi kwa mwalimu, nayo ni kumbukumbu. Watoto hawa hupata shida kushika kwa muda mfupi kile wanachokisikia. Ukimwambia, "Nenda chumbani uniletee kitabu kilicho juu ya meza," hufika mlangoni na neno moja tu, pengine "kitabu", pengine "meza". Lakini kile wanachokiona hukishika vizuri zaidi. Jicho lao lina nguvu kuliko sikio lao. Neno linalotamkwa hupotea mara tu linapotoka mdomoni, ila neno lililoandikwa, ishara ya mkono au picha hukaa pale ilipo na kumngoja.

Kuna jambo moja zaidi la kukumbuka: mtoto huyu huelewa mengi kuliko anavyoweza kusema. Akinyamaza usidhani hana la kusema.

Kabla ya kadi na vitabu

Hatua ya kwanza ni hospitali. Takriban nusu ya watoto wenye hali hii huzaliwa na kasoro ya moyo, kwa hiyo moyo upimwe mapema. Tezi ya shingo ipimwe pia, kwa kuwa ikizembea mtoto hulegea na kuchoka. Macho yapimwe, maana wengi huhitaji miwani. Masikio yapimwe, na si mara moja tu. Yapimwe kila mwaka, kwa sababu yale maji huenda na kurudi. Nimeona mtoto akiitwa mkaidi mwaka mzima, kumbe hakuwa akisikia.

Nawasihi wasomaji wa pwani na wa bara pia: msimpeleke mtoto akakatwe kimeo wala nyama ya chini ya ulimi kwa kuwa amechelewa kusema. Kimeo hakizuii maneno. Kinachopatikana pale ni damu kutoka kwa wingi, na uambukizo kutokana na wembe usio safi. Kama daktari wa hospitali ameona ulimi umefungwa kweli, hilo ni jambo jingine, na yeye ndiye atakayelishughulikia.

Mikono na picha haviui maneno

Hofu kubwa ya wazazi ni hii: tukimzoesha ishara za mikono, hatasema tena. Uzoefu wa nchi nyingi unaonyesha kinyume chake. Ishara humpa mtoto njia ya kueleweka wakati kinywa bado hakijawa tayari, na maneno yanapokuja, ishara hupungua zenyewe. Kilio na kutupa vitu pia hupungua, kwa sababu mara nyingi hizo zilikuwa ndizo lugha zake.

Uingereza walitengeneza katika miaka ya 1970 mpango uitwao Makaton, unaotumia ishara chache pamoja na maneno ya kawaida. Sisi hatuna haja ya kuagiza ishara za Uingereza. Kenya ina Lugha ya Ishara ya Kenya, na kuna walimu wanaoijua. Chukua humo ishara za maneno kumi ya kila siku: kula, kunywa, zaidi, basi, nyumbani, choo, lala, cheza, inauma, nisaidie. Ziongezee zile tulizo nazo sote tangu utotoni, kama kuita mtu kwa kiganja kilichoelekea chini, au kuegemeza shavu mkononi kwa maana ya kulala. Sharti moja tu: unapotoa ishara, tamka na neno lenyewe, kila mara.

Baada ya ishara, njoo kwenye vitu na picha. Mfano mzuri umetoka kwetu pwani. Watafiti, miongoni mwao Joseph Gona na Karen Bunning, walifanya kazi na familia za vijijini Kilifi zenye watoto wasioweza kuongea vizuri, wakachapisha matokeo mwaka 2014. Waliwatembelea walezi majumbani na kuwaonyesha njia za kuwasiliana zisizohitaji mashine: vitu vya nyumbani, picha na ishara. Walezi walieleza mabadiliko katika namna walivyowaona watoto wao na uwezo wao wa kuwasiliana. Hawakuhitaji umeme wala vifaa vya kigeni. Walihitaji mtu wa kuwaonyesha njia na kurudi tena kuwaangalia.

Nyumbani anza hivi. Chukua kikombe, kijiko, kiatu na kipande cha sabuni. Kabla ya chai mwonyeshe kikombe na useme "chai". Kabla ya kuoga mpe sabuni aishike. Akishazoea, badilisha vitu kwa picha zilizopigwa kwa simu na kuchapishwa studio: kikombe chake mwenyewe, kitanda chake, bibi yake. Kikombe cha kuchorwa katika kitabu cha ng'ambo hakitamwambia kitu.

Kusoma kwa jicho

Mwaka 1980 mwanasaikolojia Sue Buckley wa Portsmouth, Uingereza, alipata barua kutoka kwa baba aitwaye Leslie Duffen. Binti yake Sarah alikuwa na sindromu ya Down, na babake alianza kumfundisha kusoma akiwa na miaka mitatu. Baba huyo aliona kwamba maneno yaliyoandikwa yalimsaidia binti yake kuongea. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba watoto hawa hawawezi kusoma kabisa. Buckley aliichukua ile barua kwa uzito, na utafiti uliofuata ulionyesha kwamba watoto wadogo wenye hali hii huweza kujifunza maneno kwa kuyaona, wengine kabla hata ya kuyatamka.

Mwaka 2012 zilichapishwa habari za jaribio la Uingereza ambapo wasaidizi wa walimu waliwafundisha watoto hawa kusoma na lugha kila siku kwa mpango maalumu. Waliofundishwa walisonga mbele katika kusoma maneno na katika msamiati waliofunzwa kuliko wenzao waliokuwa bado wakingoja zamu. Hawakugeuka kuwa watoto wengine, na maendeleo hayakuenea kila mahali. Somo ni kwamba kidogo kidogo kila siku huzaa matunda, na kile unachotaka akijue yakupasa ukifundishe waziwazi.

Darasani kwangu nafuata hatua tatu, na mzazi aweza kuzifuata jikoni.

Kwanza, kuoanisha. Andika neno "mama" kwa herufi kubwa za kuonekana kwenye kadi mbili. Moja iwe chini ya picha ya mama, nyingine mpe mtoto aiweke juu ya mwenzake. Hapaswi kusema lolote.

Pili, kuchagua. Weka kadi mbili mezani, "mama" na "maziwa". Mwambie, "Nipe mama." Akikosea usimwambie "siyo". Uongoze mkono wake kwenye kadi iliyo sahihi kisha umsifu. Mtoto huyu akikosea mara tatu hukata tamaa, na kosa lenyewe humkaa kichwani.

Tatu, kutaja. Mwonyeshe kadi na umngoje aseme au atoe ishara. Akitamka "ma" pekee, pokea. Wewe litamke lote, polepole.

Maneno ya kwanza yawe ya maisha yake: majina ya watu wa nyumbani, chakula anachokipenda, mnyama aliye uani. Dakika kumi kwa siku zatosha, wakati ambao hana njaa wala usingizi. Akifikisha maneno kama 30 hadi 50 ndipo uanze kuyakata silabi: ma-ma, ma-ji, ma-zi-wa. Hapo Kiswahili ni rafiki mkubwa. Herufi zetu husomwa zilivyo na silabi nyingi huishia kwa irabu, tofauti na Kiingereza ambacho mtoto huandika hivi na kusoma vile.

Lugha ipi iwe ya kwanza?

Ile anayoisikia akiamka. Wapo wanaowashauri wazazi waache lugha ya nyumbani wamsemeshe mtoto Kiingereza peke yake, eti asichanganyikiwe. Watoto wenye sindromu ya Down hukua na lugha mbili katika nchi nyingi, wala hilo haliwaongezei udhaifu. Kinachowaumiza ni kusemeshwa lugha ambayo mama mwenyewe haiongei kwa raha, kwa maana mazungumzo hupungua.

Tabaka imenifundisha jinsi jambo hili linavyoweza kumharibia mtoto bila mtu kujua. Kwa Ekegusii, "baba" ni mama, na baba huitwa "tata". Sasa mpe mtoto wa Kigusii kadi ya Kiswahili iliyoandikwa "baba", mwambie achague picha. Atagusa picha ya mama yake. Ameijibu lugha yake sawasawa, lakini aliyekuja na kadi kutoka mbali ataandika kwamba mtoto hawezi. Nimeliona likitokea mbele ya macho yangu, na mama aliyekuwa amekaa pembeni ndiye aliyetufafanulia huku akicheka.

Msiicheke Tabaka. Sisi wa Mvita tukimwita mtoto twasema "ndoo", na kitabu cha shule chasema "njoo". Kadi yenye neno "ndoo" kitabuni itakuwa na picha ya chombo cha maji. Mtoto wa kawaida hulitatua hilo mwenyewe kwa siku mbili. Mtoto huyu huhitaji mtu amweleze. Kwa hiyo anza na neno la nyumbani, liandike vile linavyotamkwa nyumbani, kisha lete la shuleni ubavuni mwake.

Tahadhari ya vitenzi

Waliotunga njia ya kusoma kwa jicho waliitunga kwa Kiingereza, ambacho kitenzi hakibadiliki sana mwanzoni. Kiswahili hubadilika pale pale mbele: nakula, unakula, anakula, tunakula, hali. Kwa jicho la mtoto hayo ni maneno matano, si moja. Ndiyo sababu nawaambia walimu waanze na majina ya vitu na amri fupi: njoo, kaa, lala, simama, kula. Halafu waingize neno moja la kubeba mengine, "nataka", kwenye kadi isiyobadilika. Nataka chai. Nataka mpira. Nataka nyumbani. Kwa kadi moja mtoto amepata sentensi nyingi, na mara nyingi huwa ndiyo mara yake ya kwanza kuunganisha maneno mawili.

Vitenzi vyenyewe vije baadaye, kiambishi kikiwa na rangi yake. Andika "ni" kwa nyekundu, "a" kwa buluu, "tu" kwa kijani, na shina kwa nyeusi. Kipande cha rangi kiwe kadi yake pekee, mtoto akitelezeshe mbele ya shina. Hapo huona kwa macho kile ambacho sikio lake hushindwa kukikamata.

Vifaa vilivyo mkononi

Mtoto mwenye misuli milegevu huchelewa kushika kalamu. Usimfungie mlango wa kusoma kwa sababu hiyo. Kusoma na kuandika ni kazi mbili, na mtu aweza kutangulia katika moja. Aliye na kadi huandika kwa kuzipanga.

Tabaka tuna mawe. Mchongaji mmoja hapa jirani alinitengenezea herufi za mawe laini, kubwa kama kiganja, zilizosuguliwa msasa hadi zikawa nyororo. Watoto huzipapasa kwa kidole wakiwa wamefumba macho. Lakini nawaonya walio karibu na machimbo: mtoto asiketi pale mawe yanapokatwa na kusuguliwa, kwa kuwa vumbi lile si zuri kwa mapafu, na yeye tayari ni mwepesi wa kupata maradhi ya kifua. Jiwe lioshwe, na lisiwe dogo la kuingia mdomoni.

Pwani tuna mchanga wa kuandikia kwa kidole, na unga uliomwagwa kwenye sinia. Tuna kanga, na kila kanga ina maandishi. Mama akijitanda, mtoto amsomee neno moja la kanga yake kila asubuhi. Tuna pakiti za chai na unga, na majina yaliyopakwa rangi kwenye tuktuk na matatu.

Na tuna chuo. Familia nyingi za pwani humpeleka mtoto madrasa kabla ya shule, na ni vyema huyu naye apelekwe pamoja na nduguze. Ila alifu kwa ujiti hufundishwa kwa kuitikia kwa pamoja, yaani kwa sikio, na hapo ndipo penye udhaifu wake. Ataguna pamoja na wenzake, na ustadhi hatajua kwamba hajashika hata herufi moja. Mzazi amwombe ustadhi ampe mtoto kadi ya herufi moja ya kuishika mkononi, aifuatishe kwa kidole wenzake wakiimba, na aulizwe kwa kuonyesha badala ya kutamka.

Namna ya kuzungumza naye

Sema sentensi fupi, ukimtazama usoni. Kisha nyamaza. Hesabu moja hadi kumi kimoyomoyo kabla ya kurudia swali. Wengi wetu hurudia baada ya sekunde mbili, na mtoto hulazimika kuanza upya kufikiri. Akisema neno moja, mwongezee moja: akisema "maji", wewe sema "maji baridi". Usimlazimishe kurudia mbele ya wageni kama kasuku. Na ndugu zake wasimjibie. Dada mkubwa mwenye mapenzi ndiye mara nyingi humnyima nafasi ya kusema.

Wasiosema kabisa

Ziko hali nyingine za kijenetiki ambazo maneno huwa machache sana au hayaji. Wenye sindromu ya Angelman, iliyoelezwa mwaka 1965, wengi wao hawapati maneno zaidi ya machache. Wasichana wenye sindromu ya Rett hupoteza matumizi ya mikono waliyokuwa nayo, hata ishara zikawashinda. Kwa hao, tazama macho. Weka picha mbili mbali mbali, uone anakaza macho wapi, kisha mpe alichokitazama ili ajue kwamba macho yake yamesikika. Hata hao wasomewe hadithi na waonyeshwe maandishi. Kutosema si kutofahamu.

Maneno ya kumlinda

Huwa sipendi kuona orodha ya maneno ya mtoto ikiwa ni chakula na wanyama pekee. Mtoto asiyeweza kusimulia ni windo rahisi la mtu mbaya, na mara nyingi mtu huyo hatoki mbali. Mfundishe mapema, kwa neno, ishara na picha: hapana, sitaki, inauma, amenipiga, amenigusa. Mfundishe majina halisi ya viungo vyote vya mwili, hata vile tunavyoona haya kuvitaja. Ukimwonea haya leo, kesho hatakuwa na neno la kukueleza.

Fikiria pia ukubwani. Marekani, mwaka 1983, mtu mwenye sindromu ya Down alitarajiwa kuishi takriban miaka 25, na leo ni karibu 60. Matibabu ya moyo yamebadilisha mambo. Mtoto unayemwona leo atakuwa mtu mzima. Huku Tabaka atapewa kazi ya kuosha na kusugua vinyago, na kwetu pwani atakaa dukani na mjomba. Asiyeweza kusoma jina lake, bei na ujumbe wa M-Pesa atalipwa nusu ya haki yake akishukuru. Ndiyo maana wakubwa pia wafundishwe. Uwezo wa kusoma kwa watu hawa huendelea kukua ujanani na baadaye, na kijana wa miaka 20 ambaye hakupelekwa shule bado ana nafasi.

Haki yake na pa kuanzia

Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizo ndani ya jamii, na haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Kwa hiyo mwalimu mkuu anayekuambia "mrudishe akishajua kusema" hana sheria inayomuunga mkono.

Anza kwenye kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, ambacho walimu wengi hukiita EARC. Vituo hivi vilianzishwa Kenya mwaka 1984, na ofisi ya elimu iliyo karibu nawe itakuelekeza kilipo. Huko mtoto huangaliwa, na mzazi hushauriwa kuhusu shule: ya kawaida, yenye darasa maalumu, au maalumu yenyewe. Mtaala wa umilisi ulioanza 2017 una njia ya hatua kwa hatua kwa wanafunzi wasiofuata madaraja ya kawaida, kwa hiyo uliza shule kama inaitumia. Msajili pia katika Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Nenda na daftari lenye tarehe na maneno, ishara na kadi anazozijua. Daftari hilo humsemea mtoto pale anapoona haya mbele ya mgeni.

Wataalamu wa matamshi ni wachache nchini na wengi wako mijini. Ukimpata mmoja hata mara mbili kwa mwaka, mwombe akuonyeshe la kufanya nyumbani. Lakini usiahirishe kazi kwa kumngoja. Kadi nne, picha nne, dakika kumi baada ya chai ya jioni, na mtu mmoja wa nyumbani aliyekubali kwamba zamu hiyo ni yake: hivyo vyapatikana leo.